Walinzi wa Mwili Wanapokosea Adui: Koo, Viungo na Moyo wa Mtoto

Somo kwa wamama wanaoleta watoto kupimwa, na kwa wamama wenye mimba





Tukikutana siku ya kupima watoto, mara nyingi tunaongea juu ya malaria, kuhara, chanjo na chakula. Leo tunaleta somo jingine. Linaanza na kitu ambacho kila mama anakijua. Mtoto anatoka masomo, anakataa bukari, anasema, "Mama, koo inaniuma." Mama anajibu, "Ni baridi tu, itapita." Na kweli, mara nyingi inapita. Lakini kwa watoto wengine koo ile ndiyo mwanzo wa ugonjwa wa moyo utakaowafuata maisha yote.

Tunataka mama aelewe sababu yake, si kutii tu. Mama anayeelewa sababu hataacha dawa katikati. Someni polepole. Asiyejua kusoma, mwenzake amsomee.

1. WALINZI WA MWILI

Mungu ameweka walinzi ndani ya mwili wa kila mtu. Wako ndani ya damu, na tunawaita chembe nyeupe. Mikrobi, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho, ikiingia kwa njia ya mdomo, pua au kidonda, walinzi hao wanaikimbilia. Wengine wanaimeza. Wengine wanatengeneza silaha ndogo sana zinazoitwa kingamwili. Kila kingamwili inatengenezwa kwa ajili ya adui wake, kama vile ufunguo unavyotengenezwa kwa kufuli yake. Ndiyo kazi ya chanjo: inawaonyesha walinzi sura ya adui mbele adui hajafika, ili siku atakapofika silaha iwe tayari.

Mlinzi mzuri anapaswa kuwajua watu wawili: mwizi na mwenye nyumba. Asiyemjua mwizi analala wakati wa hatari. Asiyemjua mwenye nyumba anampiga mwenye nyumba mlangoni pake. Kosa hili la pili linatokea pia mwilini. Walinzi wanageuka, wanapiga viungo vya mwili wenyewe: viungo vya mifupa, ngozi, figo au moyo. Wanganga wanaliita otoimunite, maana yake ni kinga inayojipiga yenyewe.

Kumbukeni jeshi la Midiani katika habari za Gideoni. Lilikuwa jeshi kubwa, lakini usiku ule lilichanganyikiwa gizani, na askari wakaanza kuuana wao kwa wao. Jeshi la namna hiyo lina hasara mara mbili. Linajiua lenyewe, na tena kambi yake inabaki bila ulinzi.

2. SABABU GANI KINGA INAYOJIPIGA INAKUWA DHAIFU

Mtu anaweza kufikiri, "Kama walinzi wake ni wakali hivi, basi mtu huyu hatashikwa na ugonjwa mwingine." Si hivyo. Ziko njia tatu ambazo kosa hili linafungulia mikrobi mlango.

Njia ya kwanza: walinzi wanawapiga wajumbe wao. Virusi ikiingia katika chembe ya mwili, chembe ile inatoa kitu kinachoitwa interferoni. Ni kama mtu anayepiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" ili majirani wafunge milango. Kwa watu wengine, mwili umetengeneza kingamwili zinazokamata interferoni na kuizuia. Kelele haisikiki, na virusi inaenea. Jambo hili lilionekana wazi wakati wa korona. Katika mwaka wa 2020, wachunguzi wa nchi nyingi walipima damu ya wagonjwa 987 waliokuwa katika hatari ya kufa. Katika wagonjwa 101, yaani karibu 1 kwa kila 10, walikuta kingamwili hizo zinazozuia interferoni. Walipima pia watu 663 walioshikwa na virusi ileile bila kuugua sana. Kati yao hawakukuta hata mmoja.

Njia ya pili: walinzi wanabomoa nyumba. Ukuta ukibomoka, hata kama aliyeubomoa ni mlinzi mwenyewe, mwizi atapita pale. Hii ndiyo njia ya rumatizimu ya moyo. Tutakaa hapa zaidi, kwa sababu inashika watoto wetu, na kwa sababu mama anaweza kuizuia.

Njia ya tatu: dawa za kutuliza walinzi. Munganga anaweza kumpa mgonjwa predinisoloni au dawa ya namna hiyo ili walinzi wapunguze ukali. Dawa hiyo inasaidia, lakini inawapunguza nguvu hata mbele ya adui wa kweli. Mtoto anayeimeza akipata homa, mlete siku ileile, wala usimkatishe dawa kwa ghafula. Na hapa neno moja kwa wamama wenyewe: vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni mara nyingi vina dekisametazoni, ambayo ni ya ukoo huohuo. Mama anaona mashavu yanajaa, anafurahi, kumbe walinzi wake wanalazwa usingizi. Msinunue.

3. NAMNA KOO INAVYOFIKA KWENYE MOYO

Kuna mikrobi moja inayoitwa streptokoki. Inapenda kukaa kooni. Inapita kutoka mtoto mmoja kwa mwingine kwa kukohoa, kupiga chafya na kulala karibu karibu. Ndiyo sababu inaenea zaidi mahali watu wanapobanana: kalasi yenye watoto wengi, chumba kimoja chenye watoto sita kwenye mkeka. Hapa Likasi, katika miezi ya baridi, tunafunga madirisha, tunakusanyika karibu na mbabula ya makala. Streptokoki inafurahia maisha hayo.

Walinzi wanaona adui kooni, wanatengeneza kingamwili. Hapo ndipo kosa linapoanza. Nguo ya streptokoki inafanana na nyama ya moyo na ya viungo. Ni kama mwizi aliyevaa nguo za mtoto wa nyumba. Kwa watoto wengi, walinzi wanatofautisha. Kwa watoto wachache, walinzi wanachanganyikiwa. Mwizi amekwisha kukimbia, koo imepona, lakini wao wanaendelea kumpiga kila anayevaa nguo ile.

Basi inapita wiki 2 au 3 baada ya koo. Mtoto amerudi masomo, mama amesahau. Halafu ghafula homa inarudi na magoti yanavimba. Ndiyo homa ya rumatizimu. Inashika zaidi watoto wa miaka 5 mpaka 15.

Viungo vya mifupa vitapona. Tabu iko moyoni. Moyo una milango 4 midogo, inayoitwa valvu. Inafunguka damu ipite, inafunga damu isirudi. Walinzi wanapoipiga, milango hiyo inavimba, kisha inapona kwa kovu. Mlango wenye kovu haufungi vizuri wala haufunguki vizuri. Damu inarudi nyuma, moyo unafanya kazi ya bure, unachoka, unapanuka. Na kila mara streptokoki inaporudi kooni, walinzi wanakumbuka kosa lao na kupiga tena. Kovu linaongezeka juu ya kovu.

Zamani ugonjwa huu ulijaza mahopitali ya Ulaya na Marekani. Ulipungua kule watu walipopata nyumba zenye nafasi, kisha penisilini. Kwetu haujapungua vile. Uchunguzi wa watoto wa masomo katika mji wa Kinshasa, uliotangazwa mwaka wa 1998, uliukuta katika watoto karibu 14 kwa kila 1000. Fanyeni hesabu: katika masomo yenye watoto 500, ni watoto 7. Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, linahesabu watu karibu milioni 55 wenye ugonjwa huu duniani, na wanaokufa kila mwaka ni karibu 360,000. Mwezi wa tano wa 2018 mkutano mkuu wa shirika hilo uliomba nchi zote zipigane nao.

4. DALILI ZA KUANGALIA

Kwanza, koo ya hatari:
– Koo inauma sana wakati wa kumeza, na homa inapanda.
– Ukiangalia kwa mwangaza, koo ni jekundu, mara nyingine na alama nyeupe.
– Vinundu vinauma chini ya taya.
– Mtoto hakohoi, wala makamasi hayatoki.

Kama mtoto ana makamasi, anakohoa na macho yanatoa machozi, mara nyingi ni mafua ya virusi. Hayo hayahitaji penisilini. Lakini mama asijiamulie mwenyewe akiwa na mashaka. Munganga aangalie.

Pili, dalili za homa ya rumatizimu:
– Maumivu ya viungo yanayohama. Leo goti, kesho kutwa kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Kiungo kinavimba, kina moto, mtoto hataki kuguswa.
– Homa.
– Moyo unadunda mbio hata akiwa amelala. Anachoka upesi, anahema akipanda mlima mdogo, usiku anataka kulala akiwa ameketi.
– Mikono, miguu na uso vinatikisika bila yeye kutaka. Anaangusha sahani, maandiko yake yanaharibika, anakunja uso, analia bila sababu.

Wamama, simameni kidogo kwenye dalili hii ya mwisho. Inaitwa korea. Inatokea kwa sababu walinzi wamekosea wakapiga sehemu ya ubongo inayoongoza viungo. Inaweza kuja miezi mingi baada ya koo, hata hakuna anayekumbuka koo tena. Mwalimu anampiga mtoto akifikiri ana utukutu. Nyumbani wanasema, "Huyu ana pepo," au wanasema, "Huyu ni mulozi." Mtoto anafukuzwa, au anapelekwa kufungishwa chakula na mayi siku nyingi, na huku moyo wake unaharibika. Mtoto huyu si mulozi. Ni mgonjwa, na dawa yake iko. Tena sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya kulinda watoto inamwadhibu mtu anayemsingizia mtoto ulozi.

5. SI KILA MAUMIVU YA VIUNGO NI RUMATIZIMU

Hapa Katanga watoto wengi wana ugonjwa wa SS, na huo pia unaleta maumivu ya mifupa na viungo. SS si kosa la walinzi. Ni ugonjwa wa damu ambao mtoto anazaliwa nao, amepata sehemu moja kwa baba na sehemu moja kwa mama. Nao pia unapunguza ulinzi, lakini kwa njia nyingine: unaharibu bandama, ambayo ni kambi kubwa ya walinzi. Basi mtoto mwenye maumivu ya viungo apimwe damu. Usimpe dawa ya jirani kwa sababu tu maumivu yanafanana.

6. MOYO WENYE KOVU NI MLANGO ULIO WAZI

Sasa turudi kwenye lile neno la ukuta uliobomoka.

Kila siku mikrobi kidogo inaingia katika damu yetu, zaidi kutoka kwenye meno yaliyooza na fizi zinazotoka damu. Kwa mtu mwenye moyo mzima, damu inaisukuma, walinzi wanaimeza, hakuna anayejua. Lakini valvu yenye kovu haina ulaini tena. Damu inaganda pale kidogo kidogo, na mikrobi inanasa, kama takataka zinavyonasa kwenye jiwe katikati ya mto. Tena valvu ina mishipa michache sana ya damu, hivi walinzi wanafika pale kwa shida. Mikrobi inajificha chini ya damu iliyoganda, inazaa, inakula valvu. Ugonjwa huu unaitwa endokaditi. Bila dawa unaua, na hata kwa dawa unahitaji wiki nyingi za sindano hopitalini.

Muone namna kosa moja linavyozaa jingine. Walinzi walimpiga mwenye nyumba, wakavunja mlango wake. Mwizi mwingine, hata asiyehusika na koo ya kwanza, akapita pale pale.

Na mapafu vilevile. Moyo ukichoka, mayi yanabaki mapafuni, na mapafu yenye mayi yanashikwa upesi na nimonia. Nimonia ambayo mtoto mzima angeishinda inaweza kumwangusha huyu.

Kwa hiyo mtoto mwenye ugonjwa wa moyo:
– Apige mswaki asubuhi na jioni. Meno yaliyooza yatibiwe mapema.
– Mbele ya kung'oa jino, mama amwambie munganga wa meno, "Mtoto huyu ana ugonjwa wa moyo." Yeye ataamua kama dawa inahitajika kwanza.
– Akiwa na homa inayokawia bila sababu, anakonda, anakuwa mweupe mweupe machoni, aletwe upesi. Asipewe vidonge vya sokoni kwanza. Vidonge hivyo vinaficha mikrobi, na munganga akipima damu haioni.
– Apate chanjo zake zote.

7. DAWA IKO, NA SI YA BEI KALI SANA

Hatua ya kwanza ni kutibu koo. Kwa koo ya streptokoki, munganga atachoma sindano moja ya benzatini penisilini, ile ambayo wamama wengi wanaijua kwa jina la Extencilline, au atatoa vidonge vya kumeza siku 10. Siku 10 ni siku 10. Siku ya tatu koo haiumi tena, na mama anafikiri, "Nitunze vilivyobaki kwa mdogo wake." Streptokoki chache zilizobaki zinatosha kuwachokoza walinzi. Kuna habari njema: hata mkikawia, dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo ilipoanza kuuma, bado inaweza kuzuia homa ya rumatizimu. Basi usiseme, "Tumekwisha kuchelewa." Njoo.

Hatua ya pili ni kwa mtoto ambaye homa ya rumatizimu imekwisha kumshika. Huyu anahitaji sindano ya benzatini penisilini kila wiki 3 au 4, wakati wa afya na wakati wa ugonjwa. Sindano haiondoi kovu la zamani. Kazi yake ni kufunga mlango wa koo, ili streptokoki isiingie tena, na walinzi wasipate sababu ya kupiga moyo mara nyingine.

Je, inasaidia kweli? Tuangalie jirani zetu wa Uganda. Katika upande wa Gulu, kaskazini ya nchi ile, wanganga walipima mioyo ya watoto kwa mashine ya ekografi, wakachagua 818 wa miaka 5 mpaka 17 ambao moyo wao ulikuwa umeanza kuharibika bila wenyewe kujua. Nusu walipata sindano kila wiki 4 kwa miaka 2, nusu hawakupata. Majibu yalitangazwa mwishoni mwa 2021. Kati ya watoto 399 wa sindano, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3. Kati ya 400 wasio na sindano, uliendelea kwa watoto 33. Tatu, na thelathini na tatu. Mama asiyejua hesabu nyingi anaweza kushika hiyo.

Muda gani? Mtoto ambaye moyo wake haukuguswa, ni miaka 5 au mpaka atimize miaka 18, muda ule ulio mrefu zaidi. Kama moyo umeumia, ni miaka 10 au zaidi, na wengine maisha yote. Munganga ndiye atakayesema siku ya kuacha. Mtoto ambaye moyo wake ni dhaifu sana, munganga anaweza kumchagulia vidonge mahali pa sindano.

Mara ya kwanza na kila mara, mwambie munganga kama dawa fulani ilipata kumletea mtoto vipele, kuvimba uso au kukosa pumzi. Baada ya sindano kaeni pale karibu nusu saa, ndipo mwende nyumbani.

8. MANENO TUNAYOSIKIA, NA MAJIBU YAKE

"Mama munganga, mutoto anacheza, anakimbia, ni muzima. Sindano ya nini tena?"
Anacheza kwa sababu sindano inafanya kazi. Huwezi kuondoa kufuli mlangoni kwa sababu mwizi hakuja mwezi huu.

"Sindano inauma sana, analia kuanzia njiani."
Ni kweli, inauma. Usimdanganye kwamba haiumi. Mwambie munganga aiache dawa ipate joto kidogo mkononi na aichome polepole, inapunguza maumivu. Mshike mkono, msifu akimaliza. Usimtishe nyumbani kwa kusema, "Ukileta fujo nitakupeleka kwenye sindano." Kwa mtoto huyu sindano isiwe adhabu.

"Tumemwombea kanisani, na ameponywa."
Sisi pia tunaomba, na hatutaacha kuomba. Luka aliyeandika Injili alikuwa munganga, wala hakuona vita kati ya kuomba na kutibu. Mshukuruni Mungu kwa ajili ya mtoto, na mmlete siku ya sindano. Ibada ya shukrani haikatazi sindano.

"Bibi yake anasema akatwe kilimi, ndicho kinacholeta koo."
Kile kipande cha nyama kinachoning'inia nyuma ya koo hakileti streptokoki. Kukikata kunaacha kidonda, kunatoa damu, kunaingiza mikrobi nyingine, na watoto wamekufa kwa kazi hiyo. Mheshimu bibi, mweleze kwa upole, mlete naye asikie somo hili. Bibi akielewa, atakuwa wa kwanza kukukumbusha tarehe.

"Franka hakuna mwezi huu."
Usijifiche kwa haya. Njoo useme. Mbele ya mwezi kwisha, weka kando kidogo kidogo, kama unavyoweka ya unga. Tena hesabu vizuri: sindano ya mwezi mmoja ni kitu kidogo mbele ya safari ya Lubumbashi, ekografi, na kitanda cha hopitali. Na kupasua moyo ili kutengeneza valvu ni kazi ambayo jamaa nyingi hazitaiweza kamwe.

"Baba yake anasema ni maneno ya wanawake."
Mwambie baba aje siku moja. Au msomee sehemu ya tatu ya somo hili jioni, baada ya chakula.

9. NENO KWA WAMAMA WENYE MIMBA

Watoto wale wa koo wanakua, wanaolewa, wanapata mimba. Wakati wa mimba damu inaongezeka mwilini, na moyo unapaswa kusukuma mzigo mkubwa zaidi. Valvu yenye kovu ambayo ilivumilia miaka yote inaweza kushindwa hapo. Mara nyingi mama mwenyewe hakujua kwamba ana ugonjwa.

Kama una mimba, na unakosa pumzi ukifanya kazi ndogo, au unaamka usiku kutafuta hewa, au unakohoa povu au damu, au moyo unakimbia, usiseme tu, "Ni mimba." Sema siku ya kupimwa. Kama ulipokuwa mtoto uliugua viungo vya kuvimba au ulichomwa sindano za kila mwezi, sema pia, hata kama ni zamani. Sindano ya benzatini penisilini haiharibu mimba. Usiiache. Na uzazi wako uwe hopitalini, usiwe nyumbani.

10. KAZI YA NYUMBANI

– Fungua madirisha mchana, hata wakati wa baridi. Watoto wakilala, walale kichwa kwa miguu, wasipumuliane usoni.
– Kila mtoto na kikombe chake. Mikono ioshwe kwa sabuni.
– Vidonda vya ngozi na upele vioshwe na kutibiwa, kwa kuwa streptokoki inakaa pia pale.
– Koo inauma na homa iko: mlete kesho yake, usingoje wiki.
– Dawa ya kumeza ifike siku ya mwisho.
– Fishi ya sindano itunzwe pamoja na fishi ya kupima, mahali pakavu. Andika tarehe ijayo ukutani kwa makala, wote waione. Mkihama mji, chukueni fishi, mwonyeshe munganga wa kule.
– Mwambie mwalimu ugonjwa wa mtoto, ili asimlazimishe mbio akiwa amechoka, wala asimwadhibu kwa mikono inayotikisika.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA

1. Mlinzi mzuri wa mwili anapaswa kuwajua nani na nani?
2. Sababu gani koo iliyopona inaweza kuleta ugonjwa wa moyo baada ya wiki 2 au 3?
3. Taja dalili 4 za homa ya rumatizimu.
4. Mtoto ambaye mikono yake inatikisika, tumpeleke wapi? Tusimwite nani?
5. Sababu gani moyo wenye kovu unashikwa upesi na mikrobi kutoka kwenye meno?
6. Sindano ya kila wiki 4 inafanya nini? Haifanyi nini?
7. Ndani ya siku ngapi bado hatujachelewa kutibu koo?

Wamama, mkitoka hapa, kila mmoja amfundishe jirani mmoja kwenye avenyu yake, yule ambaye haji kupimisha mtoto. Na jioni ya leo, mbele ya watoto kulala, ulizeni kila mmoja, "Koo haikuumi?" Mungu awasaidie katika kazi hii ya kulinda watoto aliowapa.